Nilivyobeba boksi kweli kweli: miezi miwili na nusu ya kupanda miti porini kaskazini mwa jimbo la British Columbia, Kanada

Mwana_wa_Mgololo (#1)

Wakuu, habari za jukwaa.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nimeona niweke uzi wangu, maana kila wiki mtu ananifuata inbox kuuliza "mkuu, ile kazi ya kupanda miti vipi, inalipa?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nitaandika kwa vipande kwa sababu niko kazini, msinisukume.

Mimi ni mtoto wa Mufindi. Mzee wangu amekata ngwe za paini pale Sao Hill tangu sijaanza shule. Msimu wa mvua ukifika, kazi ni kuchimba vishimo, kubeba miche kutoka kitaluni na kupanda kwa mstari. Nilikua naiona kama kazi ya mtu aliyekosa kazi. Nikasoma, nikapambana, nikapata chuo Edmonton, Alberta, nikapanda ndege. Na kazi iliyonilipia ada ya mwaka wa pili ni ipi? Kupanda paini. Mungu ana utani wake.

Ilikuwa Mei 2023. Kwa wasiojua, mwenye kibali cha mwanafunzi Kanada anaruhusiwa kufanya kazi muda wote wakati wa likizo rasmi ya chuo. Chuo changu kilifunga mwisho wa Aprili hadi Septemba. Ghala nililokuwa nafanya lilikuwa limepunguza watu. Jamaa mmoja darasani, mzungu wa Quebec, akaniambia yeye kila kiangazi anaenda kaskazini mwa British Columbia kupanda miti, na unalipwa kwa mche. Nikasema mche? Mimi mche naujua tangu tumboni.

Sababu ya kazi hiyo kuwepo ni hii: msitu mwingi kule ni wa serikali, makampuni yanapewa leseni ya kuvuna. Tangu 1987 sheria ya jimbo inamlazimisha aliyevuna arudishie miti kwa gharama zake, na aitunze hadi iweze kujisimamia. Yeye hana muda wa kuinama, kwa hiyo anatoa tenda kwa makampuni ya upandaji, na hayo yanachukua vijana kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane. Theluji ikishayeyuka, mbio zinaanza.

Basi kutoka Edmonton hadi Fort St. John, kisha gari za kampuni, pikapu kubwa za milango minne, tukaingia barabara za magogo. Saa tatu nzima hakuna nyumba, hakuna duka, na mtandao wa simu ulikufa dakika ya arobaini. Kambi yenyewe ni uwanja wa changarawe: hema kubwa la kulia, hema la kukaushia nguo, vyoo vya shimo, jenereta. Hema la kulala unakuja nalo mwenyewe. Usiku wa kwanza maji kwenye chupa yangu yaliganda. Tarehe 8 Mei. Nikajiuliza hiki ndicho kiangazi mlichonihubiria?

Nakuja.

Chumvi_ya_Uvinza (#2)

Siti ya mbele kabisa. Nimeagiza na karanga.

Bw_Mashaka (#3)

Harufu ya chai naisikia hapa. Kanada wana mashine za kila kitu, wapande miti kwa mkono? Weka picha.

Mwana_wa_Mgololo (#4)

Bw Mashaka, mashine ipo, inatangulia kuvuruga udongo au kurundika vichuguu vya kupandia. Lakini nenda kwenye eneo lililovunwa uone: visiki, matawi yamelala kiunoni, tope, mteremko, mawe. Hakuna mashine inayopita hapo na kuchagua sehemu ya kuchomeka mche kila hatua tatu. Binadamu anapita. Picha siweki, sura yangu na za wenzangu zimo. Amini au usiamini, uzi unaendelea.

Sasa vifaa. Kiunoni unavaa mkanda wenye mifuko mitatu, mabega yana kamba. Beleshi dogo jembamba lenye mpini wa umbo la herufi D. Viatu vyenye misumari chini ili usiteleze juu ya magogo. Glavu. Mimi vyote pamoja na hema na begi la kulalia vilinigharimu dola 740 za Kanada, na hapo beleshi nilinunua mkononi.

Miche inakuja kwenye maboksi yaliyotoka kwenye jokofu. Ililazwa usingizi majira ya baridi kwenye nyuzi kama -2, inaletwa porini ikiyeyuka. Boksi la kwetu lilikuwa na miche 270. Gari linashusha barabarani, wewe unabeba boksi hadi kwenye kituo chako, unafunika kwa turubai la rangi ya fedha ili jua lisiipike. Kwa hiyo mlioniambia naenda majuu kubeba boksi, hamkukosea hata herufi.

Kupanda mche mmoja ni hivi. Unapiga beleshi ardhini kwa nguvu ya mkono na uzito wa mwili, unausukuma mpini mbele kisha nyuma, tundu linafunguka. Mkono wa pili tayari umechomoa mche mfukoni. Unainama, unateleza mzizi pembeni ya chuma, wima, usijikunje, unachomoa beleshi, unafunga tundu kwa kisigino au ngumi. Unasimama huku macho yakitafuta sehemu inayofuata. Mtu mzoefu sekunde saba. Mimi siku ya kwanza ilikuwa dakika moja na nusu, na nusu ya muda huo nilikuwa natafuta beleshi lenyewe.

Siku ya kwanza nilipanda miche 210. Bei ilikuwa senti 14. Piga hesabu: dola 29 na senti 40, kwa siku nzima. Msichana mmoja mfupi, ukimtazama ungesema mwanafunzi wa sekondari, siku hiyo hiyo alipanda 2,600. Nilipomuona anapita pembeni yangu kwa mara ya tatu nikajua ule ufundi wa Mufindi niliokuwa najisifia kwenye gari haupo.

Mama_Tumaini (#5)

Pole mwanangu. Dola 29 si ndiyo bora ungebaki chuoni ukafua nguo za watu?

Mwana_wa_Mgololo (#6)

Shikamoo mama. Sheria ya British Columbia inasema hata ukilipwa kwa kipande, jumla yako haiwezi kushuka chini ya kima cha chini kwa saa. Wakati ule kilikuwa dola 15.65, Juni mosi kikapanda hadi 16.75. Ukishindwa kufikia kwa miche, kampuni inajazia. Mimi nilijaziwa dola 310 mwanzoni. Lakini usifurahi: anayejaziwa anaangaliwa kama mgonjwa asiyepona. Kwenye kambi yetu watu wanne waliondoka ndani ya siku kumi, wawili kwa hiari yao, wawili waliambiwa kwa upole kuwa gari la mjini linaondoka kesho.

Mimi nilikaa kwa sababu moja tu. Sikuwa na nauli.

Sasa niwaambie kinachoua watu. Siyo uzito. Mifuko ikijaa ni kilo 15 hadi 20, kijana wa Kitanzania ataibeba. Kinachoua ni vidole na kichwa. Wiki ya pili nilikuwa naamka asubuhi mkono wa kulia umejikunja kama unashika mpini, haufunguki. Nakaa ndani ya hema, kwa mkono wa kushoto nanyoosha kidole kimoja kimoja, kinalia kama kuni mbichi. Kisha nazungushia tepu, kila kidole, kucha zisinyofoke. Saa 11:30 alfajiri honi ya gari inalia, unatoka, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, unavaa soksi mbichi za jana. Hapo ndipo unaamua kama wewe ni mpandaji au mtalii.

Kichwani ni vibaya zaidi. Uko peke yako kwenye kipande chako kwa muda wa saa tisa. Kila ukisimama kunywa maji, kila ukikaa juu ya kisiki ukifikiria nyumbani, hiyo ni miche 20 imepotea. Nilianza kupata hela siku nilipoacha kukimbia na nikaacha pia kusimama. Yule msichana mfupi aliniambia kwa Kiingereza chake cha Kifaransa kuwa nina haraka sana nikiwa nimeinama na uvivu sana nikiwa nimesimama. Nikabadilisha. Wiki ya tatu nikagonga 1,000, wiki ya tano 1,500.

Kiprono_wa_Ziwa (#7)

Buda, hapo sawa, sisi wa Eldoret pia tunajua kukimbia kwa baridi. Lakini mbona hujagusia dubu? Kampuni inakupea silaha ama unajipanga?

Mzee_Faki (#8)

Assalaam aleikum. Nna suala moja. Huko jua huzama saa ngapi? Maghrib na Isha mtu huswali vipi?

Mwana_wa_Mgololo (#9)

Waaleikum salaam mzee wangu. Katikati ya Juni jua lilikuwa linazama kama saa 3:45 usiku na kuchomoza saa 10 na dakika 20 hivi alfajiri. Kati ya hapo giza halisi halipo, anga linabaki la kijivu upande wa kaskazini usiku kucha. Kulikuwa na kijana wa Moroko kambini, yeye alifuata ratiba ya msikiti wake wa Edmonton, akawa anaswali nyuma ya gari la maji. Mimi mwenyewe nilishindwa kulala hadi nilipojifunga fulana usoni.

Kiprono, dubu. Silaha hakuna. Unapewa kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia, unalining'iniza kiunoni, na redio iko kwa msimamizi. Semina ya dakika arobaini: usikimbie, usipige kelele za mbuzi, ongea naye taratibu ukirudi nyuma, chakula kisikae kwenye hema hata biskuti.

Niliona dubu weusi kama kumi na moja msimu mzima, karibu wote kutoka dirisha la gari, wanakula majani pembeni ya barabara kama ng'ombe. Mmoja tu ndiye tuliyekutana. Nimeinama, nimesimama, yuko mbele yangu umbali wa kutoka goli hadi kwenye kitone cha penalti, labda mara mbili. Anakwangua gogo akitafuta wadudu. Semina yote ikayeyuka. Nikaanza kumsemesha Kihehe. Sijui kwa nini, Kihehe ndicho kilitoka. Nikamwambia "kamwene, kamwene" kama namsalimia mzee njiani. Akanyanyua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye gogo lake. Nikarudi nyuma hadi barabarani nikiendelea kumuamkia. Msimamizi alipofika aliniuliza nilitumia dawa? Nikamwambia nilitumia heshima.

Lakini niwe mkweli, ukiniuliza nikupe dubu au usubi nichague, nachagua dubu. Mbu wa kule wakubwa na wengi, sawa, sisi tumezaliwa nao. Usubi ni kitu kingine. Ni vijinzi vidogo vyeusi, vinaingia kwenye nywele, nyuma ya masikio, ndani ya soksi. Having'ati, vinanyofoa. Husikii mpaka unapapasa shingo unakuta damu. Halafu mchana wa joto wanakuja vipanga, wale nzi wakubwa wanaouma. Mtu mmoja kambini alivimba jicho likafunga siku mbili. Nilikuwa navaa mikono mirefu, kofia na wavu kwenye nyuzi 28.

Dada_Wema (#10)

Umenifurahisha na kumuamkia dubu 😂 Swali: sisi wanawake tunaweza? Na vyoo, na usalama wa usiku?

Mwana_wa_Mgololo (#11)

Dada Wema, kambi yetu ilikuwa na watu 42, wanawake kama 18. Na katika watano wa juu, watatu walikuwa wanawake. Kazi haitafuti kifua. Kuhusu usalama, sitakudanganya: kambi ni watu wengi vijana, siku ya mapumziko pombe ipo. Kwetu msimamizi wa kambi alikuwa mama mkali na mambo yalikaa sawa, ila wanawake walikuwa wanasimuliana majina ya kambi za kukwepa. Kabla ya kusaini, tafuta mwanamke aliyefanya kampuni hiyo mwaka uliopita, umuulize yeye, usiniulize mimi.

Bw_Mashaka (#12)

Sasa naanza kuamini. Lakini utajuaje kama mtu kapanda au katupa miche kichakani? Ningekuwa mimi ningezika boksi zima.

Mwana_wa_Mgololo (#13)

Hahaha, nawajua. Wapo waliofikiria kama wewe. Kuna mkaguzi anapita na kamba yenye urefu wa mita 3.99. Anachomeka katikati, anazungusha, ndani ya duara hilo kuna mita za mraba 50. Anahesabu miche iliyomo, anazidisha mara 200, anapata idadi ya hekta. Kama mkataba ni miche 1,400 kwa hekta, duara linatakiwa liwe na 7. Ukiwa na 5, umerusha. Ukiwa na 9, umebana ili usitembee. Kisha anafukua: mzizi umejikunja? Umeachwa juu? Umelala? Mche ukiuvuta kwa majani ukatoka, huo si mche.

Mimi nilirudishwa mara mbili kupanda upya kipande. Bure. Unaingia tena ulikopita, hulipwi, wenzako wanaendelea mbele. Siku ile nilikaa kwenye kisiki nikalia kidogo, nasema ukweli. Halafu mvua ikaja. Aliyezika maboksi yupo, alionwa na foromani, aliondoka jioni ile ile na malipo yake ya siku yakafutwa kwenye orodha.

Mwana_wa_Mgololo (#14)

Sehemu ya moshi, halafu hela.

Mwaka ule wa 2023 British Columbia iliungua kuliko mwaka wowote kwenye rekodi zake, zaidi ya hekta milioni 2.8. Sisi tulikuwa upande mmoja na moto wa Donnie Creek, uliowashwa na radi mwezi Mei kaskazini mwa Fort St. John. Hadi katikati ya Juni ulikuwa umekuwa moto mkubwa kuliko wowote uliowahi kupimwa katika jimbo hilo, na ulipoisha ulikuwa umepita hekta 600,000. Mtu wa Mufindi ninajua moto wa msitu, Septemba na Oktoba kila kijiji kinaitwa kwenda kuzima. Lakini huu haukuwa wa kuitana. Tulikuwa tunauona kama mlima wa wingu upande wa kaskazini, mchana mweupe, jioni wa rangi ya kutu.

Asubuhi moja niliamka nikadhani bado mapema, kumbe saa mbili. Jua lilikuwa kama chungwa, unalitazama kwa macho bila kufumba. Majivu yalikuwa juu ya hema, laini kama unga wa muhogo, na vipande vyeusi vya majani ya paini vilivyoungua vikiwa na umbo lake bado. Nikakishika kimoja kikavunjika. Redio ikaita, tukapewa dakika arobaini kubomoa kambi. Tulilala siku tatu kwenye ukumbi wa michezo wa mji mdogo, watu 42 sakafuni, harufu ya soksi ndugu zangu, afadhali moshi. Jumla tulipoteza siku sita za kazi na hakuna mche ambao haujapandwa unaolipwa.

Tuliporudi tulipangiwa eneo jingine. Na bado tulikuwa tunapanda paini na jamaa yake mmoja wanamwita sprusi, huku nyuma yetu vinavyoungua ni paini na sprusi. Foromani alisema "hayo ni ajira ya wajukuu." Nadhani alikuwa anatania.

Ruzizi_2008 (#15)

Ndugu, nimesoma yote. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Edmonton tangu mwaka wa 2008. Uzi ni mzuri, lakini vijana wasione tu ile dubu wakacheka. Wengine wetu tunakumbuka mwaka wa 2010.

Kule karibu na Golden, British Columbia, walikutwa watu wanafanya kazi ya pori na kupanda miti, wengi ni wetu, ba Kongo na ba Burundi, wakimbizi waliotoka kambi. Hakuna maji safi, chakula kidogo, mishahara haijalipwa, wanatukanwa rangi yao. Watu wa serikali walifika pale kwa sababu ya moto uliowashwa wakati imekatazwa, ndipo wakaona hali. Kesi ilienda mpaka Baraza la Haki za Binadamu la jimbo, na 2014 likaamua kwamba walibaguliwa kwa rangi, kila mmoja apewe dola 10,000 kwa heshima yake iliyovunjwa, mbali na mishahara. Kupewa karatasi ni kitu kimoja, kushika pesa ni kingine.

Wale watu hawakukosa nguvu. Walikosa kujua namba ya kupiga simu. Ndiyo sababu naandika.

Mwana_wa_Mgololo (#16)

Ruzizi, asante sana mzee. Habari hii niliisikia nikiwa kambini, mpishi wetu ndiye aliyenisimulia, na nilikosa usingizi. Naongeza tu: kila siku andika kwenye daftari lako idadi ya miche, bei, na saa ulizoanza na kumaliza. Mimi nilifanya hivyo na mara moja walinikosea miche 540, nikaonyesha daftari, ikarudishwa bila maneno.

Kijana_wa_Temeke (#17)

Mkuu, mimi kuna wakala hapa Dar anasema kwa milioni 4 ananipeleka Kanada kupanda miti, mkataba wa miezi sita, nyumba bure. Nimeshatoa laki tano ya fomu. Ni kweli?

Mwana_wa_Mgololo (#18)

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Hiyo laki tano ihesabu kama sadaka.

Kwanza, British Columbia ni kosa kisheria kumtoza mtu hela ili apate ajira. Mwajiri halisi hakuombi hata senti. Pili, kambini kwetu sikuona hata mmoja aliyeletwa moja kwa moja kutoka nje kwa ajili ya kazi ile. Ni wanafunzi, raia, wakazi wa kudumu, na wazungu wa Ulaya wenye vibali vya kufanya kazi wakitalii. Mpango huo wa vibali Tanzania haimo. Tatu, hakuna msimu wa miezi sita wenye nyumba. Nyumba ni hema, na hema ni lako.

Ukimuuliza wakala wako mche unalipwa senti ngapi na atakuangalia usoni, tayari umeshajua.

Chumvi_ya_Uvinza (#19)

Hapo kwenye barabara mliyopita, nadhani ni ile Alaska Highway. Inaanzia Dawson Creek, chini kidogo ya Fort St. John. Ilijengwa 1942 na jeshi la Marekani ndani ya miezi minane hivi, askari zaidi ya 10,000, na karibu theluthi yao walikuwa weusi, vikosi vilivyotengwa. Walitolewa kusini kwenye joto wakapelekwa kulala kwenye mahema kwenye baridi ile. Kwa hiyo mkuu wewe hukuwa wa kwanza kuganda pale.

Mwana_wa_Mgololo (#20)

Chumvi, hili sikulijua na nimepita pale mara nane. Umenipa kitu.

Haya, hela. Nimefungua daftari.

Siku za kazi: 50. Miche: 66,300. Siku bora: 2,240, ardhi ilikuwa laini kama kaimati. Bei zilicheza kati ya senti 14 na 17 kulingana na ugumu, wastani 15. Hiyo ni dola 9,945, ongeza 310 ya kujaziwa, 10,255. Kampuni ilikata dola 25 kwa kila siku niliyokaa kambini kwa chakula na huduma, siku 62, dola 1,550. Vifaa 740. Mabasi na siku za mapumziko mjini, dobi, kuku wa kukaanga, hoteli ya watu wanne chumba kimoja, 1,100. Makato ya serikali kama 800. Nikabaki na dola 6,000 na chenji. Kwa hela ya madafu ya wakati ule ni kama milioni 10.8.

Bw Mashaka atasema ghalani ningepata hizo hizo. Ni kweli, kama ghala lingekuwepo, na kama ningeweza kuishi Edmonton bila kulipa kodi ya chumba. Tofauti ni kwamba chumba nilikiachia, na porini hakuna pa kutumia. Mtu aliyeniambia atarudi na dola 20,000 msimu wa kwanza alikuwa ananidanganya au alikuwa na mikono minne. Wazoefu wanaopanda 3,500 kwa siku wanazipata. Mgeni hapana.

Mama_Tumaini (#21)

Na mzee wako Mufindi ulimwambia unafanya kazi gani?

Mwana_wa_Mgololo (#22)

Mama umegusa penyewe.

Nilimficha hadi Juni. Nilikuwa namwambia niko "mradi wa mazingira". Siku ya mapumziko nikapiga simu, akasikia nakohoa moshi, akanibana, nikasema. Napanda paini, baba. Akanyamaza muda, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza: "Kwa ngwe?" Nikamwambia kwa mche. Senti 15, nikambadilishia, kama shilingi 270. Akauliza tena: "Mche mmoja?" Ndiyo baba, mmoja. Akaanza kuhesabu kwa sauti miche aliyopanda kwa siku miaka ile, akafika mahali akaacha. Akasema niwe naweka mguu wa kushoto mbele, mgongo utadumu.

Mwaka jana nilirudi likizo, nikampelekea zawadi. Koti zuri, na kamba moja ya mita 3.99 niliyoiomba kwa mkaguzi. Sasa ana shamba lake la paini, ekari tano, amepanda mwenyewe kwa mita tatu kwa tatu kama walivyofundishwa. Nikamuonyesha jinsi ya kuchomeka na kuzungusha. Koti hajalivaa.

Wiki iliyopita kapiga simu saa tisa usiku kwa saa za huku. Anasema amezunguka shamba zima, duara moja anapata miche mitano, jingine sita, jingine mitano, na kwa hesabu yake ya hekta mitano ni michache na sita ni mingi. Nikamweleza kuwa kwa nafasi ya tatu kwa tatu jibu ni tano na nusu na ushee, na hakuna nusu mche. Akasema basi kamba ya wazungu ina kasoro, nimtumie nyingine.